Siku Nilipotyuni Auti Bunda

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Unga umeniingia hadi kwenye kope. Kusaga mahindi ya watu si kazi ya mtu mwenye kipaji, lakini mashine ya hapa Kamunyonge, Musoma, haijui habari za kipaji. Inajua kuunguruma tu.

Jioni mazoezi ya kwaya. Wimbo ni wa Msamaria Mwema, katunga Gody, mpiga kinanda wetu. Beti tisa! Jumamosi tunaupeleka Bunda kwenye tamasha la kwaya. Anayeongoza ni Stanslaus. Tena. Stanslaus muuza magodoro! Mimi ni msaidizi wake tangu binti yetu Sara akibebwa mgongoni, na sasa Sara yuko sekondari ya bweni. Nilikuwaga nasubiri achoke. Hachoki. Ataanzaje kuchoka mtu anayelalia godoro jipya kila akitaka?

Leo kamleta Prudence atusikilize. Binti wa mtaa wa Makoko, kasoma chuo, yuko ofisini mjini, Kiingereza kinamtoka kama maji ya bomba. Tuliimba beti zote tisa. Kisha nikajibanza nyuma ya kabati la vitabu vya nyimbo, najifanya natafuta leso, ili nisikie anamwambia nini Stanslaus. Masikio yangu yameharibiwa na mashine. Mnong'ono yanaupata kwa taabu. Lakini neno moja nililinasa. Prudence alisema tukiimba hivi hadi mwisho, watu wata-TYUNI AUTI.

Stanslaus akashukuru, akasema ataona la kufanya. Akaja mbele, akatuombea sala ya kufunga, akaondoka. Hakutuambia neno! Kalificha. Mbinafsi mkubwa.

Nimelichambua njia nzima. Tyuni ni sauti ya wimbo, hilo hata mtoto wa kipaimara analijua. Auti ni nje, kama mpira. Kwa hiyo sauti inatoka nje, inawafuata watu waliko. Ni sifa. Pengine ndiyo daraja la juu kabisa la uimbaji. Na Stanslaus anataka afike huko peke yake.

Tutaona.

Jumanne, 5 Agosti

Mungu anawapenda watu wa besi kama mimi. Stanslaus kaenda msibani Butiama. Nilimpa pole ya haraka nikachukua mazoezi.

Kwanza madirisha yote wazi. Pili, kwaya nzima igeuke, mgongo kwa kinanda, uso nje. Nikawaambia soprano waulenge mnara wa simu. Tena wachukulie watu wa mtaa wa Kitaji wote ni viziwi na wanataka kuokolewa leo hii. Gody akauliza sasa kinanda atakisikia nani. Nikamjibu kinanda hakiendi auti.

Tuliimba! Mbwa waliitikia. Mama muuza dagaa wa ng'ambo ya barabara alikusanya mafungu yake akahama. Katekista alikuja mbio na ndoo ya maji, akauliza moto uko wapi.

Mke wangu Tereza, yeye yuko alto, akauliza mbele ya watu wote haya mambo nimeyatoa wapi. Nikasema ni utaalamu. Akasema huko nyumbani kwao sauti kama hiyo mtu anaitoa akiibiwa ng'ombe. Watu wakacheka. Sikujali. Nabii hakubaliki kwao, sembuse kwa mkewe.

Tatizo dogo: soprano watatu wamekwenda nyumbani bila sauti. Nimewashauri tangawizi.

Jumatano, 6 Agosti

Sijui niandike au niache. Naandika.

Padri alikuja mazoezini kututakia heri. Prudence alikuwepo. Stanslaus karudi kutoka Butiama, macho mekundu ya msiba. Nikaona nafasi ndiyo hii. Kabla Stanslaus hajanyanyuka, mimi tayari nimesimama. Nikasema, "Baba Padri, mimi Masatu nakuahidi mbele ya kwaya hii. Kule Bunda tukifungua tu mdomo, ukumbi mzima utatyuni auti. Kuanzia watoto hadi majaji!"

Prudence akaanza kukohoa ndani ya mtandio wake. Padri, ambaye kasoma Ulaya, akaniangalia kwa upole sana. Akasema anaomba isiwe hivyo, ila mapenzi ya Mungu yatimizwe.

Baadaye Prudence akaniita pembeni. Hakunicheka, hilo niseme. Akaniandikia neno lenyewe kwenye simu: tune out. Akaniuliza, "Baba Sara, ile mashine yako ikiunguruma kutwa, huwa unaisikia?" Nikasema nilikuwaga naisikia zamani, siku hizi siisikii. Akasema basi hapo ndipo nime-tune out. Sauti ipo, masikio yapo, ila akili imefunga mlango. Mama akiwa anapika watoto wanapiga kelele, anaweza ku-tune out. Muumini kwenye mahubiri marefu naye hivyo hivyo. Nikamuuliza, sasa ni neno zuri au baya? Akasema inategemea ni nani unamfungia mlango.

Kumbe Jumatatu alisema wimbo ni mrefu, watu watachoka waache kusikiliza! Na Stanslaus ameshaupunguza, zimebaki beti nne. Hakutuambia ili Gody asiumie moyo. Mtu mwema namna hiyo anachosha kushindana naye.

Tereza alicheka kutoka kanisani hadi mlangoni kwetu. Akasema anashukuru sasa amejua jina la Kiingereza la kitu ambacho amekuwa akinifanyia tangu tufunge ndoa.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimepata mpango! Mashine ndiyo imenipa.

Asubuhi nimewasha, nimesimama, nimesikiliza. Kweli siisikii. Injini ya dizeli, hatua moja kutoka sikioni, na mimi kimya kichwani kama mtawa. Wangapi Musoma nzima wanaweza? Mimi ni bingwa wa jambo hili na sikuwahi kujua!

Sasa mwangalie Stanslaus akiongoza. Anamtazama kila mtu. Anawatazama majaji. Mtoto akilia ukumbini anageuka. Kwaya inayumba naye. Kiongozi wa kweli hatazami, hasikii, anaongoza tu.

Nikaenda dukani kwake. Nikamweleza kwa huzuni kwamba tangu mwimbaji wetu Machage ahamie Mwanza, sauti ya tena, ile ya juu ya wanaume, imekufa. Sauti yake Stanslaus ni tena safi, inaozea mkononi. Ajitoe sadaka akaimbe. Mimi nitabeba mzigo wa kuongoza. Akapapasa godoro. Akakubali! Akasema ila kuna jambo la ubeti wa tatu, atalieleza kesho mazoezini. Nikamwambia bila shaka, huku nikiwa nimeshatoka dukani.

Jioni nikafanya zoezi la kwanza la tyuni auti ya kweli. Tereza alirudi na sato mzuri, anaongea tangu getini. Nikamtazama usoni, akili nikaipeleka kwenye mashine. Imekubali! Naona mdomo unacheza, sisikii neno. Alicheka. Akashika kifua. Akaniuliza jambo, akauliza na lingine. Nikatikisa kichwa, nikasema, "Mmm. Vizuri."

Alinitazama kwa furaha ambayo sijaiona siku nyingi, na kichwa cha samaki akaniwekea mimi. Kumbe tyuni auti inajenga hata ndoa. Sijui kwa nini kwenye mafundisho ya ndoa hawaifundishi.

Ijumaa, 8 Agosti. Nane Nane

Mama mkwe yupo hapa.

Naandikia nyuma ya banda la kuku. Alishuka asubuhi kutoka Butiama na mkeka, jogoo na mfuko wa udaga wa muhogo. Bibi Nyangi mwenyewe, mama yake Tereza. Kwa mila zetu mkwe humpiti bega kwa bega, na nyumba yetu ina ukorido mmoja. Yeye akiwa sebuleni mimi niko uani. Akija uani mimi natokea dirishani. Nimepita dirisha hilo leo hadi nimelizoea.

Nikamuuliza Tereza kwa sauti ya chini nani kamwalika. Akasema, "Si wewe? Jana nimekuuliza, ukasema vizuri." Sikuweza kuuliza amekuja kwa sababu gani. Mwanamume haulizi sababu ya jambo aliloliidhinisha mwenyewe.

Mazoezi ya mwisho jioni. Tumeimba beti mbili tu kuzipumzisha sauti za soprano, maana bado zinakwaruza tangu Jumanne. Niliongoza vizuri mno. Halafu Stanslaus akasimama mbele kueleza mambo yake. Alieleza kwa kirefu. Nikasema moyoni, hapa ndipo pa kujipima. Nikampeleka mashineni. Sikupata hata silabi! Nilimwona tu akininyooshea mkono mimi, kisha akamnyooshea Tereza. Kwaya nzima wakapiga makofi. Nikasimama, nikainama kushukuru. Baadhi yao wakacheka. Wivu huo. Tereza alikuwa anajifuta macho na ncha ya kitenge.

Kumbe mke wangu ananionea fahari kiasi hicho.

Jumamosi, 9 Agosti. Bunda, kisha nyumbani

Niandike harakaharaka kabla moyo haujabadilika.

Tulikodi Kosta. Bibi Nyangi akakaa mbele na dereva, mimi siti ya nyuma kabisa, heshima ikalindwa. Ukumbi umejaa. Kwaya zilizotangulia zilikuwa kali, nikaona niongeze kinga. Nilikuwa na pamba mfukoni. Nikaziba masikio yote mawili, ndani kabisa. Nikafumba na macho. Nani Bunda nzima angenibabaisha?

Ubeti wa kwanza, safi. Naisikia kwa mbali kama kwaya ya ng'ambo ya ziwa. Wa pili, safi. Mikono yangu inakwenda yenyewe. Ubeti wa tatu, kwaya ikapotea! Kimya! Kabaki mwanamke mmoja tu, sauti nyembamba, mbali. Nikajua wameogopa. Wamewaona majaji wakakimbia wote, kabaki mmoja anayezama. Kiongozi akae tu? Sikuwaza mara mbili. Macho yangu yamefumbwa, nikafungua kifua changu chote cha mashineni, nikaingia na kiitikio, kile cha wale waliompita majeruhi njiani:

"Tuna haraka, tunapita! Tuna haraka, tunapita!"

Nikairudia ili wapate moyo.

Nilipofumbua macho niliona watu wameshika mbavu. Jaji mmoja kalaza kichwa mezani, mabega yanamtetemeka. Kwaya yangu yote wanatazama sakafu, wapo wote, hakuna aliyekimbia. Na hatua moja mbele yao kasimama Tereza, peke yake. Mdomo wazi. Hakuna sauti.

Hilo ndilo lilikuwa jambo la ubeti wa tatu. Stanslaus alimpa Tereza aimbe peke yake, yeye ndiye majeruhi. Maneno yake ni haya: "Nimelala njiani, nani atanisikia?" Na mimi mume wake nikamjibu kwamba nina haraka.

Stanslaus akatoka kwenye mstari wa tena. Akanitoa pamba yeye mwenyewe, sikio hili, kisha hili, taratibu kama anamtoa mtoto mwiba. Akasema, "Kaka Masatu, kaa hapa karibu na Gody. Mama Sara anaimba." Akawaomba radhi majaji. Wakakubali ubeti urudiwe.

Tereza akafunga mdomo. Nilidhani atakataa. Akamtazama mama yake pale mbele, akaanza.

Ukumbi uliokuwa unacheka ulinyamaza wote. Miaka yote Tereza yuko alto, nyuma yangu, ndani ya sauti za wenzake. Sikuwahi kumsikia peke yake. Nilikuwa nadhani namjua. Bibi Nyangi alijiziba mdomo na kanga, na yule jaji wa kulala mezani aliinuka akakaa wima.

Tumekuwa wa tatu. Majaji wamesema ubeti ule ulikuwa mzuri kuliko yote ya leo. Alama tumepunguziwa kwa usumbufu. Hawakutaja jina la usumbufu.

Jumapili, 10 Agosti

Tereza hasemi na mimi. Chai kaweka, sukari kaweka, nguo za misa kapiga pasi. Neno hakuna. Nikiongea anatazama kalenda ya ukutani na uso umetulia. Nikabadilisha mada, nikapandisha sauti, nikaimba. Kalenda tu.

Bibi Nyangi akasema kutoka sebuleni, mimi nikiwa uani, kwa sauti ya kunifikia: "Mwambieni mkwe wangu sauti yake ni nzuri sana. Ingekuwa yangu ningeipeleka mashamba ya kule Bunda. Nyani wasingekula mahindi ya mtu tena." Nikaenda nyuma ya banda la kuku. Mkwe hajibiwi.

Baada ya misa nikaenda Makoko mwenyewe kwa wavuvi. Nikachagua sato. Nikampaa mwenyewe, nikajikata kidole. Nikampika mwenyewe. Upande mmoja umeungua. Nikamwekea Tereza mbele, Bibi akiwa amepumzika ndani. Nikasema, "Mama Sara, nimekukosea. Nilikuwa nimeziba masikio."

Kalenda.

Halafu akaniuliza, polepole, bila kunitazama. Baada ya kutolewa pamba, nilisikia nini?

Nilitaka kusema jambo kubwa. Halikuja. Nikasema nilisikia sauti yake ikitetemeka pale kwenye "nimelala", halafu ikaacha kutetemeka. Na mimi nikaanza kuogopa kwamba itaisha.

Akaukata upande ulioungua akaula yeye. Ule mzuri akanisogezea. Akasema Alhamisi Stanslaus alimpa habari ya ubeti ule, akaja mbio kutoka sokoni kuniambia kabla ya mtu yeyote. Aliniambia anaogopa, moyo unamdunda, akashika na kifua kunionyesha. Akaniuliza hivi kweli ataweza. "Ukasema mmm, vizuri. Mimi nikajua mume wangu ananiamini."

Nilitamani ardhi inimeze pamoja na samaki. Ndipo akaanza kucheka. Alicheka hadi Bibi akauliza huko nje kuna nini. Tereza akaigiza: tuna haraka, tunapita! Kwa besi yangu kabisa. Anaiweza.

Nimejifunza. Naandika hapa wazi, kwa wino. Kuanzia sasa sitaziba sikio. Nitasikiliza kila neno la kila mtu, nitalitafakari na kulifanyia kazi.

Jumatatu, 11 Agosti

Kusikiliza kuna faida! Siku ya kwanza tu na matunda yameanza.

Nilimkuta Prudence nje ya kanisa. Nikatega masikio yote mawili. Akasema nimpe Mama Sara hongera zake, maana kule Bunda TEREZA STOLI ZE SHOO. Nilimwomba arudie. Akarudia, kwa furaha kubwa, akaongeza kwamba macho yote ya ukumbi yalikuwa kwake yeye tu. Sikumuuliza maana. Kuuliza maana ni kwa watu wasiosikiliza.

Shoo naijua, ni onyesho. Na stola naijua tangu nikiwa mtumishi wa altareni. Ni ule mshipi mrefu Padri anaovaa shingoni. Kwa hiyo kwa ajili ya shoo ile Tereza anapewa stola. Najua Kanisa halina mwanamke padri. Lakini huwaga kuna mambo mapya kila mwaka, na Prudence yuko karibu na ofisi, anayapata mapema. Itakuwa ni daraja jipya la waimbaji. Na mume wa mtu wa daraja hilo hawezi kuendelea kuwa msaidizi wa mtu wa magodoro.

Halafu nikamwona Stanslaus anatoka kwa Padri, anatabasamu. Anaifuata stola! Sikupoteza muda. Nimefunga mashine na wateja wapo kwenye foleni, nimekwenda Kitaji kwa fundi cherehani kabla hajafika yeye. Tereza sijamwambia. Acha iwe zawadi, imshangaze yeye na mama yake.

Fundi akauliza rangi. Nikasema zambarau, inampendezaga. Akasema zambarau ni rangi ya toba. Nikamwambia toba ya nini, sisi hatuna kosa. Ashone stola za dhahabu. Mbili, na moja iwe ndefu, ya mtu wa besi.